Kizibo kidogo, hasara kubwa

Wakati wa jua kali, bustani za kando ya mto Shari zinaishi kwa motopompe. Ikikaa siku nne bila kuwaka, lengalenga na shu zinanyauka, lakini deni la mbegu linabaki palepale. Njo maana sisi maagronome tunataka kusema juu ya kitu kidogo kuliko ukucha: kizibo cha karbirateri.

Motopompe ndogo za kuchanganya esanse na mafuta, nyingi ziko na njia nyembamba sana ndani ya karbirateri. Kiwandani wanazifunika na kisahani chembamba cha chuma, kilichoinuka katikati. Esanse ikilala humo miezi mingi, inaacha utando unaonata nyuma yake. Fundi akisafisha bila kukitoa, uchafu unabaki. Akirudisha kile kilichopindika, ao akiziba na kole ya matairi, esanse inayeyusha kole na kizibo kinavuja. Esanse ikipungua, mafuta yaliyo ndani yake yanapungua pia. Moteri inachemka, pistoni inakwama.

Koperative moja tunayoifuata ilipoteza mashine yake hivyo. Fundi alifanya bidii, lakini hakuwa na kizibo kipya. Na sisi tulikuwa tukisema: "Ile iko mambo ya fundi." Tulikosea.

Maoni yetu ni haya. Kabla ya kuchanga pesa ya mashine ya pili, kamati inunue vizibo na membrani za karbirateri yao, ziwekwe kwa mtunza sanduku. Siku ya matengenezo, mwanakoperative mmoja akae karibu na fundi. Aombe kuona kizibo cha zamani: kama hakikutoka, kazi haijafanyika. Kipya kiwekwe sehemu iliyoinuka ikitazama juu, kigongwe polepole na chuma bapa mpaka kilale sawa. Kikibonyea ndani, kitavuja. Pembeni apake verni ya kucha. Verni inasaidia kizibo, haichukui nafasi yake. Na msimu ukiisha, mumwage esanse yote, kisha muache moteri izunguke mpaka izime yenyewe.

Sisi wa mashirika pia tujirekebishe. Tunapenda kupiga picha siku ya kutoa mashine mpya. Tukileta mashine bila vizibo vyake, tumeleta nusu ya mashine.