Memwari za Kompyuta Zisiishie Kabatini

KAPALATA, KISANGANI – Kila mwaka masomo yanapokaribia kuisha, vijana wa kartie yetu wanaosoma informatiki huanza kukopa pesa. Wanakopa za kuchapisha memwari, za jalada gumu, za suti ya siku ya kutetea, na za vinywaji vya familia. Siku inafika, juri inauliza maswali, watu wanapiga makofi, poda inamwagwa kichwani. Halafu memwari inaingia kabatini. Programu iliyoelezwa ndani yake, mara nyingi, haijatumiwa na mtu hata mmoja.

Mimi nasema wazi: hii ni hasara kwa mzazi aliyelipa minerval, ni hasara kwa mwanafunzi, na ni hasara kwa mji wetu wa Kisangani.

Vichwa vya kazi hizo tunavijua. Kutengeneza mfumo wa kusimamia mishahara, mfano wa kampuni fulani. Kutengeneza mfumo wa kusimamia akiba ya dawa, mfano wa hospitali fulani. Mwaka unaofuata jina la kampuni linabadilishwa, mengine yanabaki. Ndani kuna historia ya kampuni, halafu michoro ya Merise au UML, halafu picha za skrini. Sisemi Merise ni mbaya. Njia hiyo ilitoka Ufaransa miaka ya 1970, na inamfundisha mtu kutenganisha habari zenyewe na kazi zinazofanywa juu yake. Lakini mchoro wa nyumba haukingi mvua.

Tukumbuke jina hili "uhandisi wa programu" lilipata nguvu wapi. Mwaka 1968, wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, kwa sababu programu zilikuwa zinachelewa, zinakula pesa nyingi na kuharibika mikononi mwa watumiaji. Swali lao lilikuwa: kwa nini programu zinashindwa, na tufanye nini? Ndiyo maana mwanafunzi wa miaka ya mwisho anapaswa kujua kupima programu, kutunza matoleo yake, kurekebisha kazi iliyoandikwa na mtu mwingine, na kumsikiliza atakayeitumia. Hayo hayajifunzwi kwa silabusi peke yake.

Najua jibu litakalokuja: "Umeme uko wapi? Intaneti uko wapi?" Ni kweli. Bwawa letu la Tshopo lina mashine 3, na mashine ikikwama kartie nzima inalala gizani. Mafuta ya jenereta ni ghali. Kuna wanafunzi wanaoandika programu kwa kalamu kwenye daftari kwa sababu kompyuta moja inagombewa na watu wengi. Haya si maneno ya uvivu, na serikali inapaswa kuyasikia.

Lakini giza hilo hilo ni sehemu ya somo. Programu ya Kisangani inapaswa kuhifadhi kila mstari mara tu unapoandikwa, isipoteze kitu umeme ukikatika katikati, ifanye kazi bila mtandao, kisha ipeleke habari mtandao ukirudi. Vifaa vipo, tena ni bure. SQLite, iliyoanza mwaka 2000, inaweka habari zote katika faili moja, na umeme ukikatika wakati wa kuandika, ama kazi imekamilika ama inarudishwa ilipokuwa. Git, ya mwaka 2005, inatunza matoleo ya kazi kwenye mashine yako mwenyewe bila intaneti. Kijana anayejifunza kujenga hivyo hapa atajua jambo ambalo mwenzake wa Brussels halazimiki kulifikiria.

Sasa niwape mfano unaotuuma wote. Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katika mji huu, Vita ya Siku Sita. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita ile ya miaka mingi, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa ajili ya madhara waliyopata watu. Mfuko wa FRIVAO ndio uliopewa kazi ya malipo kwa wahanga. Nani hapa Kisangani hajasikia malalamiko juu ya orodha, majina yanayokosekana na majina yanayorudiwa? Mimi sihukumu mtu hapa. Nauliza tu: kuna mtihani gani mkubwa kuliko huu kwa mhandisi wa programu?

Mama mmoja jina lake limeandikwa kwa namna tatu kwenye karatasi tatu. Programu itajuaje kwamba ni mtu mmoja? Nani ana ruhusa ya kufuta jina? Je, inabaki alama ya nani alibadilisha, siku gani, na jina la kwanza lilikuwa nini? Kompyuta ikiibiwa, nakala iko wapi? Na mjane asiyesoma Kifaransa atapata jibu kwa Kiswahili au Lingala, ambazo Katiba ya 2006 inazitaja kuwa lugha za taifa? Ukikosea hapo hupotezi pointi. Mtu anapoteza haki yake.

Wengine watasema chuo kikuu si karakana. Mbona mwanafunzi wa udaktari hatoki bila kugusa mgonjwa? Mbona wa kilimo anaenda Yangambi kukanyaga udongo? Na majirani wametangulia. OpenMRS, programu ya faili za wagonjwa inayotumika leo katika nchi nyingi, ilianza mwaka 2004 kutokana na kazi ya Eldoret, Kenya, ambako Chuo Kikuu cha Moi kilishirikiana na Wamarekani. Ilianza kwa sababu rejista za wagonjwa zilikuwa zinawaelemea wahudumu.

Chuo Kikuu cha Kisangani kilizaliwa 1963. Mfumo wa LMD ulipoenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, graduat ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2 vilipisha lisansi ya miaka 3 na masta ya miaka 2. Tukibadilisha majina ya miaka na kuacha memwari ilivyo, tumepaka rangi ukuta wenye ufa.

Kwa hiyo ninadai mambo matatu kwa vyuo vyote vya mji vinavyofundisha informatiki.

Kwanza, mtu asitetee kabla programu yake haijatumiwa miezi 2 mahali halisi: kituo cha afya, shule, duka la dawa, ushirika wa wakulima. Na habari za wagonjwa ziheshimiwe, maana Kanuni ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za watu.

Pili, mwanafunzi wa mwaka huu aendeleze kazi ya yule wa mwaka jana badala ya kuanza sifuri. Huko ndiko atajua uchungu wa kusoma programu iliyoandikwa vibaya.

Tatu, kwenye juri akae mtumiaji mmoja, muuguzi au sekretari, aulize maswali yake kwa Kiswahili au Lingala.

Hakuna hata moja kati ya haya linalongoja turbine mpya. Yanangoja uamuzi. Wazazi, siku ya utetezi kabla hamjamwaga poda, mwulizeni mtoto wenu swali moja: nani anaitumia programu yako leo?