Tunahesabu Miche, Hatuulizi ni ya Mti Gani

Muhula uliopita nilialikwa kuwa mgeni wa heshima katika sherehe ya kutoa tuzo kwenye shule moja ya upili. Kabla ya hotuba nilikabidhiwa mche niupande, kama ilivyo desturi siku hizi kila mgeni akanyagapo kiwanja cha shule. Nilimwuliza msichana aliyeushika, "Huu ni mti gani, binti yangu?" Akanijibu kwa adabu, "Ni mti wa kupandwa na mgeni, Daktari." Wenzake waliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao, lakini jibu lile halijanitoka akilini.

Mche wenyewe ulikuwa mkaratusi. Hatua chache kutoka pale, wavulana wawili wenye panga walikuwa wakifyeka kichaka kilichoota kando ya seng'enge, kichaka kilichosheheni maua ya rangi ya machungwa. Ndege wa jamii ya chozi walikuwa wakirukaruka juu ya matawi yaliyokwisha kuangushwa. Mwalimu wa zamu alinieleza kwamba vijana wale walikuwa wakisafisha kiwanja kwa ajili yetu sisi wageni.

Msomaji atakumbuka kwamba mnamo Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua kampeni ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili lipande miti, na tarehe 10 Mei 2024, baada ya mafuriko, tukapewa nyingine. Sina ugomvi na kampeni hiyo. Katiba yetu, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ijitahidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 10 ya ardhi ina miti, na mwenye kuupinga mti katika nchi hii ana lake jambo. Linalonitia wasiwasi ni kwamba tumekuwa mabingwa wa kuhesabu. Shule hutangaza kwamba imepanda miche 500 au 1,000, picha zikapigwa, na hakuna anayeuliza ni miche ya mti gani, wala ni nani atakayefaidika nayo mbali na mwenye kuuza nguzo.

Aghalabu miche hiyo huwa ya mkaratusi na mgrevilea, yote miwili asili yake ikiwa Australia. Mkaratusi uliletwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20 ili utoe kuni za garimoshi. Ni mti unaokua upesi na kuuzwa upesi, na mkulima anayelipa karo kwa nguzo zake simlaumu hata kidogo. Hata nyuki wa asali huyapenda maua yake. Lakini mti huo una kiu kubwa. Ndiyo maana mnamo mwaka wa 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kando ya mito na chemchemi. Ama kuhusu mathenge, uliopandwa Baringo katika miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa ya kuzuia jangwa, wakazi walifika mahakamani wakiwa na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kuyatafuna maganda yake.

Nyuki wa asali, hata hivyo, ni mmoja tu katika jamaa kubwa. Mahindi huchavushwa na upepo, na labda ndiyo sababu taifa linaloishi kwa ugali limesahau deni lake kwa wadudu. Boga lina ua dume na ua jike, na pasipo mdudu wa kuibeba chavua kutoka huku hadi kule, hakuna boga. Ua la nyanya huificha chavua yake ndani ya vifuko vyenye tundu dogo. Nyuki wa asali hajui kuitikisa itoke, ilhali wapo nyuki wa porini ambao hulishika ua na kuvuma hadi chavua imwagike, na mazao yakaongezeka. Ua la pasheni nalo ni pana mno kwa nyuki wa asali. Anayelitosha ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, ambaye watoto wetu humpiga kwa ufagio. Huyu hutaga mayai ndani ya miti mikavu, na wenzake wengi huchimba vishimo katika udongo usiolimwa. Kwa hiyo tunapoondoa kila gogo na kufyeka kila pembe, huwa tumebomoa nyumba za vibarua wa shamba letu wenyewe.

Kipepeo ni mgumu zaidi kumridhisha. Yeye hunywa nekta ya ua lolote lile, la kienyeji au la kigeni, lakini kiwavi wake hula majani ya mimea michache tu ambayo ukoo wake umeizoea kwa maelfu ya miaka. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wanalijua hilo vyema. Tangu mwaka wa 1993, kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede, wamekuwa wakifuga viwavi kwa majani ya mimea ya msitu huo na kuuza mabuu ng'ambo. Wao hawawezi kumudu kutojua jina la mmea, kwa maana akikosea jani, kiwavi hufa na pesa zikapotea.

Hapa naomba niingie katika uwanja wangu wa isimu. Neno "magugu" halitaji mmea wowote. Linataja uamuzi wetu kwamba mmea huo hautakiwi pale ulipo. Vilevile "kusafisha", katika Kiswahili cha shule zetu, kumekuwa na maana ya kuacha udongo mtupu na ukoka. Mwanafunzi anayejua jacaranda, bogonvilia na krismasi, lakini asiyejua kwamba muringa wenye maua meupe ni karamu ya nyuki, au kwamba mti wa maua mekundu ambao Wakikuyu huuita muhuti na Waluhya murembe huwalisha chozi, hana neno la kuutetea mti huo panga linapoinuliwa. Hayati Profesa Wangari Maathai alisimulia jinsi mamake alivyomkataza kuokota kuni za mgumo uliokuwa karibu na kwao Ihithe. Baadaye mti ule ulikatwa, na kijito kilichokuwa karibu nao kikakauka. Katazo lile lilikuwa limefungwa ndani ya jina.

Shule zetu zina ardhi, zina vijana, na tangu mwaka wa 2021 vilabu vya 4-K vimefufuliwa katika shule za msingi. Mbegu za miti ya kienyeji zinapatikana katika taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, huko Muguga. Programu ya JazaMiti iliyozinduliwa mwaka wa 2023 iliundwa ili kumshauri mpandaji ni mti upi unaofaa mahali alipo. Kinachohitajika ni pembe moja ya kiwanja isiyofyekwa, yenye mshubiri, muringa, vichaka vya mahali hapo na gogo moja kuukuu.

Nilipomweleza mwalimu mkuu wa shule ile wazo hilo, aliniuliza swali moja tu: "Na nyoka je, Daktari?" Si swali la kupuuzwa. Tulikubaliana kwamba pembe hiyo iwe mbali na madarasa na mabweni, na ukanda unaoizunguka ufyekwe kila wiki. Amenipa ukanda wa nyuma ya maabara hadi likizo ya Desemba, wazazi wasipolalamika.

Yule msichana naye nilimwomba amwulize nyanya yake majina ya mimea inayoota kando ya seng'enge ile. Ameniletea majina kumi na moja. Manne kati yake sikuyapata katika kamusi yoyote iliyomo ofisini mwangu.