Ndege wa Mkosi

Ndugu wasomaji, majuma mawili sikuwaandikia, na wengine wenu mmemwuliza Padre kama karani wake ni mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa safarini katika nchi ya jirani, mimi na mama watoto, pamoja na kijana wetu wa miaka 12 na binti yetu wa miaka 9. Tulikwenda Uganda kuhiji Namugongo siku ya tarehe 3 Juni, kisha tukabaki siku chache kutazama ndege. Leo nawasimulieni habari za ndege hao, na habari moja ya aibu ambayo ilinirudisha nyumbani nikiwa mtu mwingine.

Fedha ya safari tuliiweka kidogo kidogo kwa miaka miwili, karanga mwaka huu, mbuzi mwaka ule. Namugongo kila mtu aliitaka. Lakini habari ya ndege ilikuwa shauri la watoto. Binti alikuwa ameona bendera ya Uganda katika kitabu cha shule, akauliza ndege aliyesimama katikati ni nani. Nikamwambia ni korongo taji, mwenye ushungi wa dhahabu kichwani, naye amekuwa katika bendera ile tangu Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Tangu siku hiyo hakukuwa na amani nyumbani. Mama watoto alicheka, akasema, “Mwenzangu, ndege wa kwetu wanatula mtama bure, nawe unataka kwenda kulipa nauli uwaone wa wenzako?” Hata hivyo alitufungia viazi na mayai ya njiani, na mimi nikaazima darubini ndogo kwa mwalimu mwenzangu wa zamani.

Tulipita Geita, Katoro, Biharamulo na Muleba, tukalala Bukoba, na asubuhi tukafika mpakani Mutukula. Pale tulipanga foleni na hati zetu za kusafiria na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Kijana akatazama yangeyange waliokuwa wakiruka juu ya vichwa vya askari, akauliza kama wao nao wana hati. Watu waliokuwa nyuma yetu walicheka sana.

Ndani ya basi niliwasimulia habari ya korongo mweupe, yule anayekuja kwetu wakati wa mvua kula nzige na viwavi. Hapo kale watu wa Ulaya hawakujua ndege hawa wanakwenda wapi baridi ikiingia. Hata watu wenye elimu walisema mbayuwayu hulala ndani ya matope chini ya maziwa mpaka joto lirudi. Basi mwaka 1822, huko Ujerumani ya kaskazini, alipigwa risasi korongo mmoja, na tazama, shingoni mwake palikuwa na mkuki wa Kiafrika uliopenya toka upande huu hata upande wa pili! Ndege maskini alikuwa amechomwa Afrika, akaruka na mkuki wake mpaka Ulaya. Mwili wake umehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Hivyo watu wakapata ushahidi wa macho, na ile hadithi ya matope ikaanza kufa. Nilisimulia habari hii kwa kujisifu kidogo, kama afanyavyo mtu aliyesomea ualimu. Sikujua kwamba itanigeukia.

Baada ya Masaka, katika majaruba na mabonde yenye maji, tuliwaona korongo taji wawili wakitembea kwa madaha. Binti alipiga kelele hata dereva akageuka. Wenye kuwahesabu ndege wanasema korongo hao wanapungua sana, kwa sababu mabonde yanakaushwa yawe mashamba, na vifaranga huibwa na kuuzwa. Tangu mwaka 2012 wamehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Kampala tulikutana na ndege wa namna nyingine kabisa, yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, ambaye husimama juu ya mapaa na kula takataka za jiji. Mama watoto akasema huyu afadhali tumwache huko huko.

Namugongo sitaisimulia leo. Mnazijua habari za Karoli Lwanga na wenzake, waliochomwa moto tarehe 3 Juni 1886, na jinsi Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alivyowatangaza Watakatifu 22 mwaka 1964.

Tulipokuwa tukirudi tuliiacha barabara kuu, tukapita Kasanje mpaka kinamasi cha Mabamba, penye ghuba ya ziwa hili hili letu la Victoria. Tulifika kabla jua halijapanda. Mafunjo yamesimama marefu kuliko mtu, na katikati yake mna vijia vya maji vilivyofunikwa na yungiyungi. Tukaingia katika mtumbwi, na mwenyeji wetu, mvuvi wa makamo, akausukuma kwa upondo bila kelele. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini tulielewana.

Ndege anayetafutwa pale ni korongo-nyangumi. Baada ya saa nzima ya kuzunguka, mvuvi alinyosha kidole. Mimi niliona kama kisiki cha rangi ya kijivu. Kumbe ndiye! Anafika kifuani mwa mtu mzima, na mdomo wake ni mnene kama kiatu cha mbao, wenye ncha iliyopinda. Alisimama kimya kabisa, hata kijana akanong'ona kwamba labda ni sanamu. Kisha kwa ghafula akajitupa majini na mwili wake wote, akainuka na samaki mdomoni pamoja na matope na majani. Alikuwa kamongo, yule samaki mwenye kupumua hewa, ambaye wavuvi wa kwetu nao wanamfahamu vizuri.

Ndege hawa ni wachache duniani. Kwa makadirio wamebaki kati ya 5,000 na 8,000. Jike hutaga yai moja mpaka matatu, na mara nyingi ni kifaranga mmoja tu anayekua. Hata Tanzania wapo, katika mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi kule magharibi, mahali palipoandikwa mwaka 2000 katika orodha ya ardhi zenye maji zinazolindwa kwa mkataba wa mataifa. Mabamba iliandikwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2006.

Nikamwuliza mvuvi kama wazee wao walimpenda ndege huyu. Akatikisa kichwa. Akasema hapo zamani huyu alikuwa ndege wa mkosi. Mvuvi akikutana naye asubuhi alijua siku hiyo hatapata samaki, basi wengine walirudi nyumbani, na wengine walimwua. Baba yake mwenyewe alipata kumwua mmoja kwa kasia.

“Na samaki walipatikana alipokwisha kuuawa?” nikauliza.

“Siku nyingine walipatikana, siku nyingine hapana. Kama kawaida,” akajibu. Kisha akaeleza kwamba ndege na mvuvi wanamtafuta kamongo yule yule, kwa hiyo lazima wakutane mahali pamoja. Siku wavuvi walipokosa samaki walimkumbuka ndege, na siku walipopata walimsahau. Sasa wavuvi wamejiunga kuwaongoza wageni, na ada za mashuleni za watoto wake zinatoka kwa ndege yule aliyeuawa na babu yao.

Hapo binti yangu akageuka ndani ya mtumbwi, akanitazama. “Baba,” akasema, “na yule bundi wa Bibi, yeye alikuwa na mkosi kweli?”

Ndugu wasomaji, nilikosa la kujibu. Kijana akainamisha kichwa.

Sasa sikieni habari ya aibu. Jirani yetu ni mama mmoja mzee, mjane, ambaye watoto wote wa mtaa humwita Bibi. Karibu na nyumba yake kuna mkwaju, na wakati wa masika bundi wawili walifanya makao humo. Mwezi wa Aprili mtoto wa nyumba ya tatu akafariki. Hospitali walisema ni malaria. Lakini kisimani na kilabuni yakaanza maneno kwamba bundi wanatumwa, na kwamba macho ya Bibi ni mekundu. Siku moja kijana wangu na wenzake wakampiga bundi mmoja kwa manati, wakamleta mpaka kwangu wamemshika bawa. Watu wazima waliokuwapo wakawasifu. Na mimi, niliyesoma chuo cha ualimu, ninayejua bundi ni nini, nilisema tu, “Katupeni mbali,” nikaendelea kuandika kitabu cha ubatizo.

Sikuamini kwamba bundi ana uchawi. Niliogopa kuwa peke yangu.

Katika mikoa yetu ya Shinyanga, Geita na Mwanza, neno la namna hii halibaki neno. Sote tunajua akina mama wazee waliokatwa mapanga usiku kwa sababu ya macho mekundu. Sote tunakumbuka, tangu mwaka 2007 hivi, jinsi ndugu zetu wenye ualbino walivyouawa kwa sababu waganga waongo waliwaahidi watu utajiri, wa dhahabu kwa huyu na wa samaki kwa yule. Na hayo macho mekundu yanatoka wapi? Miti ya Shinyanga ilikatwa sana zamani, mingine kwa kufukuza mbung'o, mingine kwa kupanda pamba. Ingawa tangu mwaka 1986 ngitili nyingi zimerudishwa, bado mama zetu wengi hupikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Keti humo miaka 50, kisha ujitazame katika kioo.

Tuliporudi, nilimchukua kijana tukaenda kwa Bibi kabla ya kufungua mizigo. “Mwangaluka, Bibi,” tukamsalimu. Kijana akapiga magoti, akaomba radhi kwa mawe yaliyoanguka juu ya paa siku ile. Bibi hakusema mengi. Alituonyesha kinu, akasema kwamba tangu Aprili hukiegemeza mlangoni kila usiku ndipo alale. Wala haendi tena kisimani mchana, huteka maji kabla hapajapambazuka, asikutane na watu. Mimi ninakaa hatua 60 toka mlango wake, nami sikujua.

Nikakumbuka korongo wa mkuki, na jinsi ushahidi wa macho unavyofanya kazi kuliko hotuba. Bundi hana meno. Humeza panya mzima mzima, kisha nywele na mifupa hujifunga tumboni, naye huitapika kama bonge dogo. Yule bundi aliyebaki alikuwa bado analala katika mkwaju. Tukaokota mabonge 11 chini yake. Jumapili, baada ya Misa, kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kitongoji, tulitandaza karatasi chini ya mwembe, tukawaita watu, na watoto wakayafungua kwa vijiti mbele ya wote. Walihesabu mafuvu 23 ya panya. Hapakuwa na kitu kingine.

Mama mmoja akauliza ni mahindi ya nani hao panya 23 wangaliyala. Watu wakaguna. Mzee mmoja alisema hajaridhika, maana mchawi anaweza kumlisha ndege wake panya. Sikumbishia mbele ya watu. Nilimwomba tu aje naye jioni kwa Bibi, aone mwenyewe jikoni mwake moshi ulivyo. Alikuja. Alikaa dakika chache, akatoka nje akifuta machozi, naye hakusema neno lolote.

Juma lililofuata vijana walitoboa dirisha katika jiko la Bibi, wakamjengea jiko la udongo lenye bomba la moshi. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, na gharama yake haikufika bei ya kuku mmoja.

Nawaombeni mambo matatu. Kwanza, mtoto akikuletea ndege aliyemwua kwa sababu ya mkosi, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Mwulize ni nani aliyemwambia, na jina la nani linatajwa. Pili, mkisikia maneno juu ya mzee yeyote, mpelekeeni habari mwenyekiti na Padre siku ile ile, msingoje. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, na kumtangaza mwenzako kuwa mchawi ni kosa. Tatu, tazameni jiko la mzee aliye karibu nanyi.

Sijui bado kama maneno yamekwisha katika mtaa wetu. Bibi amekwisha kwenda kisimani mchana mara mbili, akifuatana na binti yangu, lakini kinu kingali karibu na mlango. Bundi naye angali katika mkwaju. Usiku wa jana alilia tena, nikamsikia kijana gizani akimwambia dada yake, “Lala, anatafuta panya.”

Mpaka juma lijalo.