KIJANA, HIYO APATIMENTI UMEMPANGIA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nitasema jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Bora mniudhikie mimi leo kuliko kujuta kesho.

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja alinisubiri mpaka watu wote wakatoka msikitini. Ana fremu ya nguo hapa Kariakoo. Kavaa vizuri, ananukia vizuri, simu mbili mkononi. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Shekhe, naomba unifikirie kwenye zaka. Mwenye nyumba kanipa siku saba."

Nikamuuliza, unaishi wapi? Akanitajia ghorofa moja Upanga. Lifti, jenereta, mlinzi getini, jiko la marumaru. Kodi shilingi 1,200,000 kwa mwezi.

Tukakaa chini tukapiga hesabu. Nanyi pigeni pamoja nasi. Mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo: 7,200,000. Dalali akataka mwezi wake mmoja: 1,200,000. Jumla 8,400,000, hata godoro hajaingiza. Shilingi 3,400,000 akazitoa kwenye mtaji wa duka. Milioni 5 zilizobaki akaenda kukopa kwa hao mnaowaita kausha damu, kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi. Yaani milioni moja kila mwezi, riba tupu! Miezi mitano kalipa milioni 5, na deni lenyewe liko pale pale, milioni 5. Sasa miezi sita imekwisha, kodi mpya inadaiwa, na fremu haina mzigo.

Kabla ya hapo ulikuwa unakaa wapi? "Buguruni, Shekhe. Chumba na sebule, laki moja na nusu."

Ulikuwa na shida gani Buguruni? Akainama. "Hakuna shida. Ila nilitaka kuoa."

HAPO ndipo penye ugonjwa wetu.

Ndugu zangu, msininukuu vibaya. Nyumba nzuri si haramu. Katika hadithi aliyoipokea Imam Ahmad, Mtume (S.A.W.) ameihesabu nyumba yenye nafasi kuwa ni katika furaha ya mtu, pamoja na jirani mwema. Kama Allah kakupa, biashara inakwenda, zaka umetoa, wazazi wako wanakula, panga hata ghorofa ya kumi. Hakuna shekhe wa kukuzuia.

Ninayemsema ni yule aliyepanga asichopewa. Mtume (S.A.W.) amemfananisha anayejionyesha kashiba kwa kitu asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Sasa wewe hukuridhika na nguo, umevaa ghorofa zima!

Na umelivaa kwa riba. Soma Suratul Baqara, aya ya 275 mpaka 279, uone ni dhambi gani ambayo Allah ameitangazia vita. Unaswali safu ya kwanza, kisha unakwenda kulala ndani ya vita hivyo, ili mama mkwe apande lifti? Mtume (S.A.W.) aliwahi kuletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache tu, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Deni lako wewe atalibeba nani? Dalali?

Mtaniambia: "Shekhe, bila apatimenti siku hizi hupati mke." Hapo nawageukia wazazi wenzangu, na naanza na nafsi yangu. Alipokuja kijana kumposa binti yangu, swali langu la kwanza lilikuwa: unaishi wapi? Sikuuliza swala yake. Sikuuliza anamtazamaje mama yake. Usiku mke wangu akaniambia: "Baba, umesahau chumba chetu cha uani pale Narung'ombe? Choo kimoja, wapangaji sita." Sikuwa na jibu.

Ndiyo, tulianzia pale. Mtoto akiumwa usiku, unagonga mlango wa pili na mtu anatoka. Yule kijana wa Upanga nilimuuliza jina la jirani yake wa mlango unaotazamana na wake. Hamjui. Miezi sita!

Tarehe 16 Novemba 2024 tuliona ghorofa likiporomoka hapa hapa Kariakoo, ndugu zetu wakafia chini ya kifusi. Allah awarehemu. Nyumba haisimami kwa marumaru, inasimama kwa msingi. Ndoa vilevile.

Nanyi wenye nyumba, msidhani mmesalimika. Mtu anapata riziki yake mwezi kwa mwezi, nyinyi mnamdai nusu mwaka, wengine mwaka mzima. Mlizoea kumtajia dola mpaka serikali ikapiga marufuku mwaka 2025. Aya ya 280 ya sura ile ile inaamrisha mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike. Nyinyi mnampa siku saba na kufuli jipya.

Sasa mtauliza, yule kijana nilimjibu nini? Kweli zaka ina fungu la wenye madeni, liko Suratut Tawba, aya ya 60. Lakini nje ya msikiti wanasubiri wajane wenye yatima. Nitawaambia nini, kwamba fungu limekwenda kulipia lifti? Nikamwambia: kwanza tubu kwenye riba, rudisha funguo, rudi Buguruni, na uwaambie wakwe ukweli wote. Ukishafanya hayo, njoo tukae na kamati tuzungumzie deni lenyewe. Riba, hapana.

Funguo amerudisha juzi. Wakwe bado hajawaambia. Anasema anaogopa ataachwa.

Ewe baba wa binti yule, sikujui, lakini huenda unanisoma. Akija, mpokee kama alivyo. Mkweli wa Buguruni ni bora kwa binti yako kuliko muongo wa Upanga.

Allah atukinge na madeni, atupe kinaa, na azibariki nyumba zetu, ndogo na kubwa. Amin.

Mfikishie na mwenzako, hasa anayetafuta dalali leo.

Wabillahi tawfiq.