TAMKO LA WAUGUZI MKOANI SIMIYU KUHUSU MSONGO WA KAZI KWA WANAOHUDUMIA WAGONJWA WA SARATANI



Sisi wauguzi wa Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu tunatoa tamko hili kwa ajili ya wenzetu wanaohudumia wagonjwa wa saratani.

Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Tiba ya mionzi haipo mkoani. Wenye rufaa huenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na tiba ikigonga mwamba hurudi kwetu. Muuguzi ndiye anayewapokea. Ndiye anayesafisha kidonda, anayepima mofini ya maji kwa bomba la sindano, na anayemweleza mama kwa Kisukuma kwa nini harudishwi tena Mwanza. Mgonjwa akifariki usiku, muuguzi huyohuyo humwandaa marehemu, huwafariji ndugu, hujaza daftari, kisha huenda kitanda kinachofuata. Asubuhi anakabidhi zamu bila mtu kumuuliza yeye ameamkaje.

Akilalamika huambiwa ajikaze. Kauli hiyo tunaikataa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu mkali wa kikazi hutokana na msongo wa kazini uliokosa kudhibitiwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi. Akili ni sehemu ya afya hiyo.

Kwa hiyo tunataka:

1. Waajiri wautambue msongo huu kuwa hatari ya kazini, kama wanavyotambua kuchomwa na sindano.

2. Zamu ya usiku katika wodi yenye wagonjwa mahututi isiachiwe muuguzi mmoja.

3. Baada ya kifo, wahudumu wapewe nafasi ya kuketi pamoja na kuzungumza kabla ya zamu kwisha.

4. Huduma ya ushauri nasaha iwepo, iwe ya siri, na isitolewe na msimamizi anayempima muuguzi utendaji wake.

5. Mafunzo ya huduma shufaa, yaani ya kumtuliza maumivu na kumfariji mgonjwa, yawafikie wauguzi wa vituo vya afya na zahanati.

Sisi kwa upande wetu tutamsikiliza kila mwenzetu bila kumcheka wala kumtangaza.

Wananchi, nanyi mna sehemu yenu. Akina mama, jitokezeni kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kabla ya dalili. Wazazi, wapelekeni mabinti wa miaka 9 hadi 14 wakapate chanjo ya HPV inayokinga saratani hiyo. Kila anayewahi hutupunguzia kilio sote.

Muuguzi mwenzetu, ukielemewa, sema. Na wewe mwajiri, akisema, msikilize na uchukue hatua.

Limetolewa Bariadi, Simiyu, kwa niaba ya wauguzi wa mkoa.