Kumsimulia Ngoma Asiyeona: Kazi ya Lugha

Katika Kiswahili, neno ngoma hubeba maana zaidi ya moja: ni ala inayopigwa, ni mchezo unaochezwa, na ni shughuli nzima inayowakusanya watu. Kwa hiyo mtu asiyeona anayehudhuria ngoma hupata sehemu ya kile kinachoitwa kwa jina hilo. Husikia mdundo, njuga na vigelegele. Asichokipata ni mwili unaocheza. Na umati unaposhangilia ghafla, hajui kilichoshangiliwa. Pengo hilo huzibwa kwa maneno, hivyo linawahusu wanaisimu.

Ufafanuzi wa sauti, yaani kumweleza asiyeona kwa maneno mafupi yale yanayotendeka jukwaani, papo hapo yanapotendeka, si jambo jipya duniani. Huko Marekani, Gregory Frazier aliuandikia tasnifu mjini San Francisco mwaka 1975, na mwaka 1981 Margaret na Cody Pfanstiehl waliuanzisha katika ukumbi wa Arena Stage, Washington. Mfafanuzi husema polepole katika kipaza sauti, na msikilizaji humsikia kwa kifaa cha masikioni. Tamthilia ina nafuu, kwani mazungumzo ya wahusika humwongoza asiyeona. Ngoma haina nafuu hiyo.

Kiswahili kina mwanzo mzuri. Kwa miongo mingi watangazaji wa redio, kama marehemu Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, wamewawezesha wasikilizaji kuufuatilia mpira wasiouona. Hata hivyo, mtangazaji wa mpira hukimbia ukimya, ilhali mfafanuzi wa ngoma hana budi kuupisha mdundo. Akisema mfululizo, atamnyang'anya msikilizaji hata ile sehemu aliyokuwa nayo.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapofaa. Kauli ya kutendana hueleza kwa neno moja uhusiano wa miili miwili: wanapishana, wanaegemeana, wanapokezana. Vitenzi kama kunesa, kunengua na kupepesuka hutofautisha mijongeo bila maelezo ya ziada. Katika Bugobogobo ya Wasukuma, inayochezwa kwa majembe, yatosha kusema: "Majembe juu. Yanatua pamoja, pu!" Lakini sarufi hiyo hiyo ina mtego. Kiambishi a- hakibainishi mwanamke na mwanamume; neno "anamgeukia" halielezi nani kamgeukia nani. Mfafanuzi analazimika kuwatambulisha wachezaji mapema, kwa vazi au kwa nafasi zao.

Wako watakaodai kwamba kufafanua ni kumwamulia mtazamaji maana. Dai hilo lina uzito. Anayesema "anasihi" amekwisha kuamua. Anayesema "amepiga goti, viganja juu" amemwachia msikilizaji uamuzi. Lakini kunyamaza nako ni kuamua. Mfafanuzi anayekiruka kiuno katika Sindimba ya Wamakonde kwa kuona haya, amemnyima asiyeona jambo ambalo jirani yake anayeona analitazama bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wengine watataja gharama. Ikumbukwe kwamba Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 30 ya mkataba huo inahusu haki ya kushiriki katika maisha ya utamaduni, maonyesho ya jukwaani yakiwamo. Kwa hiyo ufafanuzi si fadhila. Isitoshe, pale ambapo vifaa havijapatikana, mfafanuzi anaweza kuketi kando ya msikilizaji na kumnong'oneza. Kisichoweza kuazimwa ni ustadi wa kuchagua neno.

Ustadi huo hufunzwa. Idara za Kiswahili na za sanaa za maonyesho zinapaswa kushirikiana kukusanya msamiati wa mijongeo kutoka kwa wachezaji wenyewe, kuwafunza wafafanuzi, na kuwapa wasioona nafasi ya kuwa waamuzi wa kazi hiyo. Wao ndio watakaojua kama maneno yametosha, au yamezidi.