Kihisi Kipimwe Kabla ya Alama

Askari hapewi alama za shabaha kwa kuandika habari za bunduki. Huhesabiwa risasi zilizolenga. Wanafunzi wa uhandisi wa vifaa vya tiba katika Chuo Kikuu cha Mbarara nao wapimwe hivyo katika somo la vihisi. Chombo cha kidoleni husoma oksijeni ya damu kwa mwanga. Mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa huweza kuzidisha hesabu kwa wenye ngozi nyeusi. Mtoto wa mkimbizi huko Nakivale, mwenye nimonia, aweza kurudishwa nyumbani hali yu taabani. Basi mwanafunzi aliyekilinganisha kihisi chake na kipimo sahihi, akalitaja kosa lake kwa tarakimu, astahili alama nyingi kuliko aliyekariri kitabu. Kihisi kisichojaribiwa kisipewe hata moja.